Kichwa cha treni kilichozimika chini ya mwarubaini: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mombasa

Kisa hiki kinahusu kichwa kimoja cha treni ya mfano, zile kubwa za kukimbia nje uani, kilivyoharibika, kikatengenezwa na hatimaye kikaongezwa nguvu. Majina ya watu, mtaa na aina kamili ya kichwa vimeondolewa. Vipimo vilivyomo ni vile vilivyoandikwa wakati wa kazi.

Usuli

Mwenye treni ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Anaishi na wanawe na wajukuu kaskazini mwa kisiwa, ng'ambo ya bara, katika nyumba ambayo kusi ikivuma madirisha yake hupakwa chumvi. Uani ametandika reli ya upana wa milimita 45. Inazunguka mwarubaini, inapita nyuma ya tangi la maji, inapanda kuelekea ukuta wa jirani kisha inarudi. Kichwa aliletewa na jamaa aliyekuwa Ulaya: kina umbo la mashine ya mvuke, ekseli tatu, uzito wa karibu kilo tatu, na ndani yake mota moja ya umeme.

Upana huo wa reli una maana kwake. Kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilianza kuuza treni za ukubwa huu mwaka 1968 kwa jina la LGB, kwa uwiano wa 1:22.5. Zidisha 45 kwa 22.5, utapata milimita 1,012.5, yaani mita moja na ushee. Na mita moja ndiyo upana wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Mzee akilala kifudifudi kwenye saruji na kuyatazama magurudumu kwa usawa wa macho, anaiona njia aliyoitumikia maisha yake yote. Mjukuu wake mkubwa angependa treni ya SGR. Lakini ile ni milimita 1,435, na ukitaka iwe sahihi juu ya reli ya 45 lazima ipunguzwe kwa 1:32, na hapo itaonekana ndogo kando ya mabehewa yaliyopo. Shauri hilo liliachwa mapema, na naona waliliacha kwa busara.

Umeme ulitoka kwenye transfoma iliyowekwa barazani, ukapita ndani ya reli zenyewe, ambazo ni za shaba ya manjano, kisha kichwa kikauokota kwa magurudumu na kwa vipande viwili vya chuma vinavyoburura juu ya reli kwa msukumo wa springi. Mfumo huo ni mzuri sana ndani ya chumba kikavu. Kando ya Bahari Hindi, kila kiungio cha reli huwa mlango wa chumvi.

Mambo yalivyofuatana

Kwanza kichwa kilianza kushtuka. Kilikuwa kikienda vizuri karibu na baraza, lakini kikifika nyuma ya tangi kinapunguza mwendo, taa zinafifia, kinasimama, kisha kinaruka tena. Wajukuu walijifunza kukisukuma kwa kidole. Mtu mmoja wa nyumbani akapulizia mafuta ya kupenyeza kutu kwenye reli na ndani ya gia, akiamini kwamba kinachokwama hulainishwa. Kwa muda mfupi hali ilionekana afadhali. Halafu mchanga ukashikana na yale mafuta.

Hatua ya pili ilikuwa kumwita fundi wa redio wa karibu. Aliisikiliza mota, akaiona inanguruma bila nguvu, akasema umeme ni mdogo. Transfoma ya ampea moja ikaondolewa, ikawekwa nyingine yenye uwezo wa ampea tano, isiyo na fyuzi upande wa reli. Mwendo ukaongezeka kweli. Lakini jioni moja kichwa kiliacha njia pale reli zinapogawanyika, magurudumu yakaunganisha reli mbili, ikapiga shoti. Ile transfoma ya zamani ingejizima yenyewe. Hii mpya iliendelea kusukuma umeme, na waya mwembamba unaotoka kwenye magurudumu ukayeyusha ganda lake. Harufu ilijaa uani. Kichwa hakikuondoka tena.

Uamuzi wa fundi huyo ulikuwa mota imeungua, iagizwe nyingine kutoka nje. Mzee hakukubali. Maneno yake, kama alivyoyasema: "Mashini haiulizwi dukani, mwanangu. Yaulizwa yenyewe." Ndipo akaitwa fundi wa pili, mtu wa makamo aliyezoea kutengeneza mitambo midogo ya kupimia, na kuanzia hapo ndipo kazi inayostahili kufundishwa ilipoanza.

Uchunguzi

Fundi wa pili hakufungua chochote siku ya kwanza. Aliomba kuona njia. Akaweka behewa lenye balbu kubwa juu ya reli ili umeme utumike kweli, kisha akapima kwa mita sehemu baada ya sehemu. Barazani palikuwa na volti 18. Nyuma ya tangi, kwa mzigo uleule, zilibaki 11. Volti saba zilikuwa zimepotelea kwenye viungio, ambavyo alipovichomoa vilikuwa na unga wa kijani ndani. Pima njia bila mzigo na mita itakuambia 18 kila mahali, kwa sababu kiungio kibovu hujificha mpaka mkondo upite. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, na ndipo fundi wa kwanza alipopotea.

Baadaye kichwa kililazwa chali juu ya sponji, kifuniko cha chini kikafunguliwa. Mota ilipewa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ilizunguka, lakini ilikula ampea 1.1 hali magurudumu yako hewani. Akaichomoa kutoka kwenye giaboksi, akaipima peke yake: ampea 0.2. Mota ilikuwa nzima. Kilichokuwa kikiila nguvu ni giaboksi: grisi ya kiwandani ilikuwa imekauka ikawa kama nta, ndani yake mna mchanga, nywele za mtoto, na yale mafuta ya kupulizia.

Zikagunduliwa kasoro nyingine tatu. Waya mmoja ulikuwa umeungua. Gia ya plastiki ya ekseli ya nyuma ilikuwa na ufa mwembamba kwenye kitovu, pale inapobana chuma. Na mpira unaovishwa gurudumu moja ili lisiteleze ulikuwa umekauka kwa joto, mgumu kama ganda.

Maamuzi na sababu zake

Mzee alitoa sharti moja kabla ya kazi: sura ya kichwa isiguswe, kisitobolewe tundu hata moja, na chochote kitakachoongezwa kiweze kuondolewa. Sharti hilo lilionekana kama ukaidi wa mtu mzima, lakini kwa maoni yangu ndilo lililoiokoa kazi yote, kwa sababu lilimlazimisha kila mtu kufikiri kabla ya kushika tindo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa usafi. Fundi alikataa petroli na thina, ambazo watu huzikimbilia, kwa kuwa hulainisha plastiki na kula rangi. Sehemu za plastiki zilioshwa kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini. Za chuma zilipanguswa kwa spiriti. Magurudumu yalikuwa na madoa meusi ya cheche. Mjukuu alitaka kuyapiga msasa, akazuiwa, maana msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo hushika uchafu upesi kuliko mwanzo, mbali na kumaliza ule mpako wa nikeli. Yalisuguliwa kwa kitambaa na spiriti mpaka yakang'aa. Kisha ikatiwa grisi isiyodhuru plastiki, kidogo tu, kwenye meno ya gia na kwenye vitovu vya ekseli.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuhusu ile gia yenye ufa. Kuitia gundi hakufai: plastiki ya gia nyingi haishiki gundi, na hata ikishika, meno pale penye ufa yameshaachana kidogo na yatagonga. Iliagizwa mpya. Ilipofika, ekseli ikarudishwa, na hapo kazi ikakwama kwa siku kadhaa. Magurudumu yalizunguka nusu, yakakaza. Sababu ni kwamba fito za chuma za ubavuni, zinazounganisha magurudumu, zimepangwa upande wa kulia ukitangulia wa kushoto kwa robo ya mzunguko. Ekseli moja ikiingia kwenye gia ikiwa imepitiliza jino moja tu, fito hupishana na magurudumu, kila kitu kinabana. Umeme ukiwashwa katika hali hiyo, meno mapya hukatika. Fundi hakuwasha. Aliuzungusha mhimili wa mota kwa kidole, akaona panapokaza, akaitoa ekseli, akaisogeza jino moja, akarudia mpaka kidole hakikuhisi kitu.

Uamuzi wa tatu ulikuwa mgumu zaidi: umeme utoke wapi? Njia mbili ziliwekwa mezani. Kwanza, kusafisha viungio vyote, kuvilehemu waya kila kimoja, na kukubali kwamba reli zitasuguliwa kila mara treni inapotaka kukimbia. Pili, kuachana na umeme wa reli na kutumia betri na rimoti. Mzee alipendelea ya kwanza, kwa kuwa ndiyo desturi ya treni hizi. Binti yake, anayebaki nyumbani na watoto, aliuliza swali lililoamua jambo: nani atakayesugua? Mzee magoti hayamruhusu tena. Betri ikashinda.

Lakini betri iwekwe wapi? Ndani ya kichwa, mahali pa boila (pipa la kuchemshia maji ya mvuke), mna chuma kizito kilichowekwa ili magurudumu yashike reli. Kukitoa kungeondoa uzito na kukiuka sharti. Tena boila ni nyeusi, na jua la Mombasa saa nane mchana huigeuza kikaango; seli za lithiamu hazipendi joto hata kidogo. Kwa hiyo betri, kidhibiti mwendo na kipokezi cha rimoti viliwekwa kwenye behewa la mizigo lenye paa, linalofuata kichwa, na waya wenye plagi ndogo ukaunganisha vitu hivyo viwili. Kichwa chenyewe kikaongezewa kitu kimoja tu, swichi ya sehemu tatu iliyobandikwa sakafuni pa chumba cha dereva: reli, zima, betri.

Swichi hiyo ni ndogo, na wengi huiona ya hiari. Si ya hiari. Ukiunganisha betri na mota bila kuyatenga magurudumu, umeme wa betri utarudi kwenye reli kupitia magurudumu yaleyale, na siku kichwa kikiacha njia itapiga shoti ndani ya pakiti ya lithiamu. Na mtu akisahau transfoma ikiwa imewashwa, vyanzo viwili vitapambana. Kwa kuwa swichi haiwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, hatari zote mbili zinaondoka.

Kabla ya kununua kidhibiti mwendo, fundi alikishika kichwa kisiende na kupima mkondo kwa sekunde chache kwa volti 18: ampea 2.8. Huo ndio mzigo mkubwa kabisa mota inayoweza kuuomba. Akachagua kidhibiti cha ampea tano, na fyuzi ya ampea tatu karibu na betri. Kwa mpangilio huo mota hata ikikwama haitaiunguza fyuzi, lakini shoti ya waya itaiunguza mara moja.

Seli zilileta mkasa. Mjukuu alikuwa amekusanya seli za lithiamu za aina ya 18650 kutoka kwenye betri za kompyuta mbovu, akafunga tano kwa mfululizo. Kwa hesabu zilitosha: seli tano za volti 3.7 ni volti 18.5, na zikijaa ni 21. Treni ilikwenda kwa dakika chache, ikazima, ikapumzika, ikaenda, ikazima. Saketi ya ulinzi ilikuwa inafanya kazi yake. Seli moja ilikuwa imechoka kuliko wenzake, na ikifika chini, saketi hukata umeme wa zote. Safu ya seli hupiga hatua kwa mguu wa iliyo dhaifu. Zilinunuliwa mpya za aina moja na toleo moja, za ampea-saa 2.6. Treni ikila wastani wa ampea 0.8, hesabu inatoa saa tatu na robo. Kwa vitendo wanapata chini kidogo, na inawatosha.

Matokeo

Treni ilizinduliwa upya alasiri ya Idi, uani pamejaa jamaa. Ilizunguka na mabehewa sita bila kusita nyuma ya tangi. Mpandoni ikateleza kidogo, kisha ikapita.

Mpando huo una kimo cha sentimita nne kwa kila mita, jambo dogo kwa macho. Lakini kwa kila kilo ya msafara, mwinuko peke yake unadai mvuto wa gramu 40, kabla hujahesabu msuguano na kona. Mzee alilifahamu hilo bila karatasi. Njia ya kweli inatoka usawa wa bahari Mombasa na kufika Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu, na ndiyo sababu ziliagizwa zile mashine za mvuke ziitwazo Garratt, za aina ya 59, mashine 34 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 252, kubwa kuliko zote za mvuke zilizopata kutembea juu ya reli ya mita moja. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja, Mount Gelai, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi.

Utelezi ulitatuliwa kwa namna ambayo isingewezekana awali. Gurudumu lililovishwa mpira haliokoti umeme, kwa hiyo treni ya reli haivumilii magurudumu mengi ya namna hiyo, na hata moja huigharimu. Sasa umeme hautoki tena chini. Fundi alivisha mpira mpya magurudumu mawili, na kichwa kikapanda na mabehewa manane.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kupima kwa kutenganisha. Njia peke yake, mota pamoja na gia, mota bila gia. Vipimo vitatu, mita moja ya bei nafuu, na mota iliyohukumiwa kifo ikaachiwa huru. Kosa la fundi wa kwanza halikuwa uzembe. Aliona nguvu haitoshi, akaongeza nguvu. Lakini upungufu ulikuwa njiani, si kwenye chanzo, na nguvu ya ziada ikaenda kutafuta mahali dhaifu pa kutokea. Ampea tano bila fyuzi juu ya reli zilizo wazi, watoto wakicheza, ni jambo ambalo lingepaswa kumtia hofu kila mwenye nyumba hata kama kichwa kisingeungua.

Mpangilio wa kazi nao ulisaidia: matengenezo yalikamilika kabla ya nyongeza. Lau betri ingefungwa kwenye lile giaboksi lenye nta, ingekwisha kwa nusu ya muda, na lawama zingeangukia betri.

Sina hakika kwamba betri ndiyo jawabu kwa kila ua. Mtu mwenye njia fupi ndani ya baraza iliyofunikwa, na vichwa vitano au sita, atagharamika bure. Viungio vilivyolehemiwa waya vitamtosha. Hapa kulikuwa na kichwa kimoja, njia ndefu, bahari karibu, na mtu wa kusugua hakuna.

Kilichoshindikana ni hifadhi. Miezi michache baada ya Idi, wakati wa mvua za masika, treni ilianza tena kukatika-katika, na kila mtu aliogopa mambo yamerudi palepale. Ilikuwa plagi kati ya kichwa na behewa: vijiti vyake vilikuwa na ukungu wa kijani uleule. Adui aliyefukuzwa kwenye viungio mia vya reli alikuwa amebakishiwa kiungio kimoja, na akakitumia. Treni ilikuwa ikilala kwenye kibanda kilicho wazi upande wa bahari. Sasa inalala ndani ya sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya kunyonya unyevu, plagi imepakwa grisi ya umeme, na betri huchajiwa ndani ya nyumba, kivulini, ikiwa imeshapoa, kamwe si mara tu baada ya kutoka juani. Isipotumika kwa majuma, inaachwa na chaji ya nusu hivi.

Jambo jingine lisilofanikiwa ni sauti. Mjukuu aliweka kifaa kidogo cha sauti ya mvuke kwenye behewa. Mzee alisikiliza mzunguko mmoja, akaomba kizimwe. Garratt ina injini mbili chini ya boila moja, na pumzi zake huachana, zikakutana, zikaachana tena. Kile kifaa kilipumua sawasawa muda wote. Fundi anadhani inawezekana kuweka vifaa viwili vyenye mwendo unaotofautiana kidogo, kila kimoja na spika yake, kimoja mbele na kimoja nyuma ya behewa. Vipimo vya nafasi vimeshachukuliwa. Kinachosubiriwa ni gia ya pili ya akiba, ambayo mzee amesisitiza inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote.